Mpaka

Mimi ni mpaka rangi wa barabara, manispaa ya Valparaíso,
miaka ishirini na sita ya mistari myeupe
na vivuko vya shule ambavyo madereva hawavioni.
Machi ile wakanipa njano, ndoo nne,
na barua yenye muhuri: doa moja kila mita mbili
mbele ya kila mlango unaouza.

Tepu yangu ilikatika zamani.
Nikachomoa mpini wa ufagio wa Otilia, mke wangu,
nikaungia kipande cha bomba, nikafunga kwa waya.
Mita mbili. Kasoro kidole, labda.
Jirani akachungulia dirishani: Nibaldo,
hicho kidole kilichopungua,
virusi havitapenya hapo?

Kwa Fresia muuza mkate nilipaka madoa kumi na manne
mpaka konani, na baada ya kona ngazi zikaanza.
Ngazi hazijui mita. Nikahesabu vidato:
saba, doa. Saba, doa.
Watu wakasimama juu yake kama kete
kwenye ubao wa mchezo ambao hawajafundishwa.

Binti yetu Yasna ni muuguzi. Hakuingia ndani.
Alisimama nje ya kioo, akapaza sauti:
Baba, weka haragwe moja mezani.
Sasa matatu. Sasa tisa.
Nikapanga ishirini na saba, nikapanga themanini na moja,
mpaka meza ikajaa na Otilia akanung'unika
kwamba hicho ndicho chakula cha jioni.
Sasa toa moja kati ya yale matatu ya mwanzo,
na yote yaliyozaliwa nalo.
Nikakokota kwa kiganja. Arobaini.
Nilihesabu mara mbili, kwa kuwa sikuamini.
Haragwe moja lililokaa nyumbani kwake,
likakataa kwenda harusini.

Usiku ule nilirudi dukani na tochi,
nikapima upya kile kidole.

Lakini kwa akina Huenchumil, kule bondeni,
watu wanane, vyumba viwili, choo kimoja:
doa langu ningeliweka wapi?
Kwenye kitanda? Kati ya bibi na kikohozi cha mjukuu?
Mzee Eladio aliuza parachichi hadi Mei.
Alisimama juu ya njano yake kwa adabu zote,
ila wateja waliinama wachague kwa vidole,
pua kwa pua, kama siku zote.
Alizikwa na watu wanne, wameachana mbali,
na hapo hakuna aliyehitaji fimbo yangu.

Karatasi ya hospitali, Yasna alisema, imeanza kuinama.
Kuinama vipi? Kama mtu aliyechoka kupanda.
Wengine walisema ni maombi, wengine ni baridi,
wengine kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa uongo,
maana wao mbona hawakuugua?
Sikuwajibu. Ningewaonyesha nini?
Aliyekufa ana jina, ana kaburi, ana deni la dukani.
Yule ambaye hakuambukizwa hata hajijui,
anapita asubuhi na mkate kwapani
akilaani foleni.

Mvua za Julai zikala njano yangu.
Sikupewa ndoo ya tano.
Mpaka Septemba palibaki vivuli tu kwenye lami,
na bado watu walisimama palepale,
miguu inakumbuka.
Watoto wakaruka kutoka doa hadi doa
ambalo halipo.

Yasna aliingia ndani siku ya Jumapili.
Alisimama mlangoni kwanza, kama mgeni,
na mama yake akazifungua zile nyaya bila kusema neno,
akaurudishia ufagio mpini wake,
akaanza kufagia, maana machozi yalikuwa karibu
na yeye hapendi kuonekana.
Chini ya jiko likatoka haragwe moja, kavu, lina vumbi.
Alitaka kulitupa.
Nikasema: ngoja.